Dada anajua nasoma kompyuta, hajui kuna hisabati ndani yake

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala chuo, we andika tu kijana wa mwaka wa pili, Dar. Mi natokea Mbeya, baba alishafariki, mama yupo kijijini, anayenisomesha ni dada yangu anauza mchele na dagaa Tandika. Mkopo wa bodi nilipata ila sio wote, ada inayobaki anajazia yeye na bumu, ile hela ya kujikimu, likichelewa ndo yeye tena.

Advance nilisoma PCM na hesabu ndo lilikuwa somo langu la kutamba, usiku bwenini watu walikuwa wanapanga foleni kitandani kwangu niwaelekeze intigrali. Kwa hiyo wakati wa kuomba chuo nilipoona kuna kozi inachanganya hisabati na sayansi ya kompyuta kwa pamoja miaka mitatu nikasema hii ndo yangu. Dada nilimwambia nimepata kompyuta. Sikumdanganya, ila neno hisabati nililiacha pembeni kwa sababu kwao pale sokoni mtu wa hisabati ni mwalimu na mwalimu wanajua anakopa mchele mpaka tarehe ngapi. Sasa hivi soko zima linajua mdogo wake anasoma kompyuta, nikienda pale mama mmoja wa nyanya ananiletea simu yake imejaa meseji nimsafishie.

Mwaka wa kwanza ulienda. Mwaka wa pili Shangazi nimekutana na Analisisi. Sijui kama unaifahamu, ni yale mambo ya epsiloni na delta, lekchara anaandika ubao mzima hakuna namba hata moja, mwisho anachora kiboksi anasema imethibitishika. Mimi niliyezoea kukokotoa nikawa nakaa na swali la mistari miwili saa tatu nzima na karatasi nyeupe. Nimepata sapu, yaani nimefeli na natakiwa kurudia mtihani. Maisha yangu yote sijawahi kufeli hesabu, matokeo yalipotoka nilizima simu siku mbili. Dada hajui. Sapu ni mwezi wa tisa na nikifeli hiyo nakeri, yaani nalibeba somo hilo mpaka mwaka unaofuata, na mwaka wa tatu kuna Analisisi nyingine juu ya hii.

Upande wa kompyuta niko vizuri tu, data strakcha nina A. Tatizo wenzetu wanaosoma kompyuta peke yake wanachukua vitu ambavyo sisi hatuna nafasi navyo, netiweki kwa undani, usalama wa mifumo, projekti za semista nzima, wakati sisi tupo kwenye aljebra dhahania tunahesabu vikundi. Rafiki yangu ninayekaa naye geto anasema hisabati ni ya walimu, yeye anataka kuingia kwenye AI. Ananicheka kwamba nimelipia kozi mbili nitatoka na nusu mbili.

Sasa kilichonifanya niandike. Tangu mwezi wa tatu nina mchongo, kuna bosi ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, nondo, simenti, mabati, namtengenezea mfumo wa stoo na mauzo. Amenipenda. Ameniambia anataka afungue kampuni ndogo ya mifumo na anipe kazi ya kudumu, laki sita kwa mwezi mkononi, ila anataka mtu wa kila siku sio wa kuja jioni. Anasema digrii utamalizia hata baadae, hela haikusubiri. Laki sita Shangazi, dada mwezi mzima na jua lote lile haingizi faida hiyo.

Kuna kitu kingine kidogo tu. Bosi aliniambia niweke sehemu ya kupanga safari za lori, linatoka dukani linashusha mizigo kwa wateja linarudi, apate njia fupi aokoe dizeli. Nikaandika programu inajaribu mpangilio wote, wateja wanane ikajibu hapo hapo. Siku moja oda zikawa kumi na mbili, laptopu ikaanza kuunguruma feni, dakika ishirini kimya, nikaizima. Nikakaa na karatasi nikapiga faktoriali ya kumi na mbili, yaani 12 mara 11 mara 10 mpaka 1, ndo idadi ya mipangilio yote, nikapata 479,001,600 nikacheka peke yangu saa nane usiku. Nikabadilisha iwe inaenda kwa mteja wa karibu kila mara, bosi akafurahi akasema si hiyo tu. Ila mimi nilikaa usiku ule mpaka adhana nikitaka kujua hiyo njia yangu ya mteja wa karibu inaweza kukosea kwa kiasi gani, sikupata jibu. Anyway hayo sio muhimu.

Shangazi nifanye nini? Nihamie kompyuta peke yake? Niahirishe mwaka nishike kazi? Au nikomae na hivi vitu viwili ambavyo kimoja naona kinaniua? Na dada namwambiaje? Nipo njia panda kwa kweli.

Kijana wa mwaka wa pili, Dar

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole na hizo siku mbili za kuzima simu.

Umeniuliza kama naifahamu Analisisi. Kabla sijaanza kazi hii ya kusoma barua za watu nilifundisha hesabu sekondari miaka kumi na moja, kwa hiyo kwanza umenigusa hapo kwenye walimu na mchele wa mkopo, ni kweli nilikopa, na nililipa. Pili naifahamu, mimi mwenyewe nilipita kwa C na nilipoiona ile C nilipiga magoti.

Nikuambie nilivyoisoma barua yako. Wewe unaona una swali moja, hisabati au kompyuta. Mi naona umefunga mafundo matatu kwenye kamba moja, kuna kufeli kwa mara ya kwanza maishani, kuna hela, na kuna dada ambaye hajui ukweli wote. Hayo matatu ukiyavuta kwa pamoja yanakaza. Na kuna sehemu umeandika "hayo sio muhimu", hiyo ndo nimeisoma mara nne, nitairudia.

Tuanze na sapu. Unasema hisabati inakuua. Sasa niulize taratibu, ni hisabati yote au ni Analisisi? Maana hukuniambia umeanguka kwenye Linia Aljebra wala Diskriti, wala hizo takwimu ambazo nina hakika mnazisoma. Umeanguka somo moja, na ni somo ambalo linabadilisha lugha bila kumwonya mtu. Kidato cha sita ulipewa namba ukaambiwa tafuta jibu, huku unaambiwa jibu tunalijua tayari, tushawishi kwamba haliwezi kuwa vinginevyo. Kijana aliyekuwa anapanga watu foleni bwenini anaumia zaidi kuliko aliyekuwa wa kati, kwa sababu yule wa kati ameshazoea kuuliza.

Hebu mfikirie dada yako. Anakuja mteja msumbufu anasema nataka kilo yangu ya mchele ila isipishane na kilo halisi zaidi ya gramu kumi. Dada anajua akimimina taratibu kiasi fulani ataipata. Mteja anasema sio kumi, gramu moja. Dada anapunguza mkono, anamimina taratibu zaidi. Mteja anasema nusu gramu. Epsiloni ni huyo mteja, delta ni mkono wa dada, na uthibitisho wote ni kuonyesha kwamba mteja akitaja kiwango chochote kile, hata kiwe kidogo namna gani mradi sio sifuri, dada ana mkono wa kukijibu. Ukikaa na karatasi nyeupe tena anza na mteja, kwa sababu yeye ndo anaongea kwanza, wengi wanaofeli wanaanza na mkono. Sisemi hii peke yake itakufaulisha hiyo sapu. Ila tafuta mtu wa kusoma naye kwa sauti, uthibitisho hauingii kwa kunakili ubao.

Sasa lori.

Mwanangu umekesha mpaka adhana kwa kitu ambacho hakuna aliyekutuma, bosi alisharidhika, hela ilishaingia, halafu unaniambia sio muhimu. Mi siwezi kukwambia maana yake ni nini, pengine ni udadisi wa usiku mmoja tu. Ila nikujibu kwanza swali ulilokosa jibu maana naona litaendelea kukukosesha usingizi. Hiyo njia ya mteja wa karibu inaweza kukosea vibaya, tena kadri wateja wanavyoongezeka ndo inaweza kuwa mbaya zaidi, haina dhamana ya kwamba haitazidi mara mbili au mara tatu ya njia fupi. Lakini mwaka 1976 mtu anaitwa Christofides alitoa njia nyingine na akathibitisha, neno lile lile la Analisisi, kwamba haitazidi mara moja na nusu ya ile fupi kabisa, mradi umbali wa kwenda ni sawa na wa kurudi na kwenda moja kwa moja hakuzidi kuzunguka. Kwa Dar na foleni zake hilo sharti bosi wako atalicheka, ila ndo lilivyo. Watu walikaa zaidi ya miaka arobaini wakijaribu kuishusha hiyo moja na nusu, walipofanikiwa juzi juzi hapa wameishusha kwa kipande kidogo ambacho hata ukiandika desimali utachoka na sifuri.

Na zile oda kumi na mbili zilizokuunguzia feni, usingehitaji hata kukubali njia ya kubahatisha. Mwaka 1962 Held na Karp, na Bellman kwa upande wake, walionyesha kwamba lori likishapita Mbagala, Kigamboni na Temeke na sasa limesimama Temeke, huna haja ya kukumbuka lilianza na ipi, unabaki na ile njia fupi ya kufikia hapo, nyingine zote unatupa. Hapo hesabu inaacha kuwa faktoriali, inakuwa n mara n mara mbili kipeo cha n, n ikiwa idadi ya wateja. Kwa kumi na mbili piga mwenyewe, 144 mara 4,096, ni 589,824. Kutoka milioni 479 mpaka laki tano na tisini hivi, laptopu ile ile, feni ile ile. Na kinachokuhakikishia kwamba ulichotupa hakikuwa jibu ni induksheni, unathibitisha hatua ya kwanza halafu kwamba kila hatua inaleta inayofuata, ile ile mliyofanya kwenye Diskriti mkaona ni mchezo wa ngazi.

Kwa hiyo nikirudi kwa huyo rafiki yako wa geto, na mwambie namsalimia, hiyo AI anayoitaka akiifungua ndani atakuta matriksi, yaani majedwali ya namba, zinazidishwa usiku na mchana, ni Linia Aljebra na kalkulasi na takwimu. Hata ile alama ya kufuli anayoiona akifungua tovuti ya benki, moja ya kufuli zilizoifanya iwezekane ni ya Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, imejengwa kwa namba tasa na kanuni ya mwanahisabati Euler ya karne ya 18, na Euler hakuwa na benki kichwani. Lakini nisiwe mwalimu anayetetea somo lake. Rafiki yako ana hoja pia. Mfumo wa stoo wa duka la nondo hauhitaji Analisisi, na kazi nyingi za mifumo hapa mjini zitakuuliza kama unajua databesi na kama unafika kwa wakati. Na ni kweli wanaosoma vyote viwili wanakosa baadhi ya kozi za wenzao, hiyo netiweki hakuna atakayekuwekea kichwani, ukibaki itabidi ujisomeshe likizo. "Nusu mbili" inatokea kweli, nimewaona, ni yule anayesoma hisabati Jumatatu na kompyuta Jumanne kama wake wawili wasiosalimiana. Wewe usiku ule wa lori ulikuwa umewaweka sebule moja, ndo maana nikakwambia nimeisoma mara nne.

Ukihamia kompyuta peke yake utapumua, hilo silipingi. Ila kabla hujajaza fomu nenda ofisini uulize maswali ya kikavu kabisa. Kozi ngapi nilizopita zitahesabika? Nitaendelea mwaka wa tatu au nitarudishwa wa pili? Nafasi zipo au dirisha la kuhama limeshafungwa? Na bodi ya mikopo nao wanatakiwa wajue, usije ukahama wewe mkopo ukabaki kule. Mwaka mmoja ukiongezeka ni ada nyingine ya dada, hiyo weka kwenye hesabu. Na jiulize pia, ukihama kabla ya mwezi wa tisa utakuwa umechagua kompyuta au umeikimbia sapu? Vyote vinaruhusiwa, watu wanakimbia na wanafika salama. Ila ujue unafanya kipi.

Kazi ya bosi. Laki sita si hela ya kudharau na mi sitajifanya haina maana kwa mtu ambaye dada yake anakaa juani Tandika. Lakini nina mashaka nayo kidogo, kampuni bado haijafunguliwa, umeniambia "anataka afungue". Je kuna mkataba? Umeona hata karatasi? Akibadilisha mawazo mwezi wa nne utakuwa wapi? Ukiahirisha mwaka bumu linasimama, na kurudi darasani baada ya kuonja mshahara, muulize yeyote aliyejaribu. Deni la bodi nalo halisahau, ukiwa kwenye ajira wanakata 15 kwa 100 ya mshahara, kwa laki sita ni elfu tisini. Na ile "hela haikusubiri" mi huwa naisikia sana kutoka kwa watu ambao wao hela iliwasubiri. Wapo waliochukua kazi kama hiyo na leo ndo wanaajiri wenzao, siwezi kukuficha. Ila hukuniambia kama umewahi kumjibu bosi chochote. Anajua una sapu? Anajua umebakiza mwaka mmoja tu? Mtu aliyekupenda kwa kazi ya jioni pengine angekubali jioni na likizo kwa mwaka mmoja, kwa hela pungufu, kama angeombwa. Pengine angekataa, na hapo ungejua amekupenda kiasi gani.

Kubaki na vyote viwili kuna hatari yake na unaijua kuliko mimi. Sapu inaweza ikagoma. GPA inaweza ikashuka. Kwa upande mwingine kuna milango inayopenda mtu wa namna hiyo, kwa mfano pale Kigali kuna AIMS, ile taasisi ya hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003, wanachukua vijana wa Afrika kwa masters na kuwalipia, na mtu mwenye hisabati nzito na anaandika programu anaongea lugha yao. Sio lazima uende, nakutajia kwa sababu kwenye barua yako dunia yote imeishia kwenye duka la nondo.

Sasa dada. Hapa ndo naona mzigo mkubwa, na wewe umeuweka sentensi ya mwisho. Umeamua kwamba neno hisabati litamuumiza, lakini hujawahi kulisema mbele yake. Huyu mwanamke anajua faida ya kilo moja bila kalamu, anajua dagaa wa juzi wapunguzwe shilingi ngapi ili wa leo wauzike, sidhani kama namba zinamtisha. Kinachoweza kumuuma ni kusikia habari ya sapu kutoka kwa mtu mwingine, au kukuta umeacha chuo kwa sababu ya hela ili umsaidie wakati yeye anakaa juani ili usiache. Pengine atakwambia shika kazi mdogo wangu nimechoka. Hilo nalo ungependa kulisikia kutoka kwake, usimjibie kichwani. Usimpelekee siku ya mnada mzigo ukiwa umejaa, nenda jioni akiwa anafunga, msaidie kubeba magunia halafu ongea. Simu ya mama wa nyanya unaweza kuisafisha siku nyingine.

Kitu kimoja ningekiomba, mafundo hayo usiyafungue siku moja. Sapu ina tarehe yake. Kuhama kuna dirisha lake. Bosi ndo anayeharakisha, na yeye peke yake ndo hana tarehe iliyoandikwa popote.

Niandikie ukishaongea na dada, hata mistari mitatu. Na lile lori la oda kumi na mbili, ukipata usiku mmoja lijaribu kwa ile njia ya 1962 uniambie limechukua sekunde ngapi.

Shangazi